Achia Kidole Usikie

Kutoka Alimbongo hadi Butembo si mbali kwenye ramani, lakini mimi nilitumia siku tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki, na nafasi yangu juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililochakaa kila mahali isipokuwa honi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Siku ya kwanza tulisukuma. Siku ya pili tulingoja lori lililozama mbele yetu litolewe kwenye tope. Siku ya tatu baridi ya milimani ilitufanya tuache hata kutukanana.

Kabla hatujaondoka, mama mmoja muuza vitunguu alinishika mkono. Hakuniuliza jina.

"Unaenda Butembo? Basi ufike mu Mususa, kwa Papa Foni. Umwambie aambie mutoto yangu wa Kampala kama ngombe imezala, na ni dume. Hapana sahau: dume."

Nikamwuliza huyo mtoto anaitwa nani. Akanitazama kama nimemwuliza jua linatokea wapi.

"Papa Foni anajua."

Kwa siku tatu nilimbeba yule ndama kichwani. Nilipofika Butembo, tope likiwa limenikauka hadi magotini, sikuwa na ndugu wa kumtafuta wala kazi ya kuulizia, ila nilikuwa na ujumbe. Motari wa kwanza niliyemwuliza alinipandisha pikipiki yake, akanipeleka bila kuuliza njia. Nyumba ilikuwa ya mbao na bati, kati ya karakana ya seremala na duka la sabuni, na juu yake waya mrefu ulikuwa umefungwa kutoka mkalitusi mmoja hadi mwingine. Mlangoni alikaa mtu mwembamba mwenye koti la mvua, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Nilisema habari ya ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akangoja kidogo kuhakikisha kwamba nimemaliza.

"Bien reçu," akasema, yaani ujumbe umepokelewa. "Dume." Halafu akanitazama miguu. "Na wewe? Nani anajua kama umefika?"

"Hakuna mutu, Papa."

"Basi tuanze na wewe."

Ndivyo nilivyokuwa mpangaji wake, kwenye chumba cha nyuma, kwa miaka ambayo leo nikiihesabu napata zaidi ya kumi na tano, nikiondoa ile niliyopotea.

Foni ilikuwa redio ya kuitana, sanduku la chuma lililokaa juu ya meza pamoja na betri ya gari, na mikro yenye waya wa kujiviringa kama mkia wa nguruwe. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana, lakini vijijini hazikufika, na wengi walikuwa bado hawaziamini. Kituo chetu kiliitwa Mususa Moja. Kulikuwa na kingine Kampala, kingine Kisangani, vingine kwenye parokia na maduka ya watu wetu waliotawanyika. Mtu alikuja, akakaa kwenye benchi, akaitwa zamu yake. Ukitaka kusema, unabonyeza kifungo cha mikro kwa kidole gumba. Ukimaliza unasema "à vous", yaani sasa ni zamu yako, halafu unaachia. Usipoachia, yule wa ng'ambo anaweza kulia, anaweza kufa, hutamsikia.

Na watu hawakuachia! Mama aliyemkosa mwanawe miaka minne angeshika kile kifungo kwa nguvu zote kama ameshika mkono wa mtoto sokoni, akauliza "Uko muzima? Unakula? Juu ya nini hujibu?" na kuanza kulia kwamba mwana amekufa. Papa Foni angeinama karibu naye.

"Mama, achia kidole. Achia usikie."

Hilo ndilo neno nililolisikia zaidi ya mengine yote katika nyumba ile. Alilisema kwa wateja, kwa waumini waliogombana, kwa mke na mume waliokuja kuamuliwa. Mtu akisema bila kupumua, Papa Foni aliinua kidole gumba chake hewani na kukitazama tu, mpaka msemaji akaona haya.

Alikuwa shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti, mtu wa benchi la mbele, asiyegusa kasiksi hata kwenye harusi, na uongo aliuchukia kuliko pombe. Lakini ujumbe wa watu aliupinda bila aibu. Mara nyingi sauti zilikuwa dhaifu, na yeye aliyezoea masikio ya foni ndiye aliyerudia maneno kwa pande zote mbili. Nilikuwapo siku mama mmoja kutoka Kipese alipomwitia mwanawe aliyekwama Kisangani.

"Mwambie eko mupumbafu sawa baba yake!"

Papa Foni akabonyeza. "Mama anasema unamufanana baba yako sana. À vous."

Huko Kisangani kijana akasema kwa sauti iliyovunjika kwamba hajawahi kusikia mama akimsifu baba. Noeli ile akarudi nyumbani na koti la sufi la mama. Wiki iliyofuata yule mama alitua Mususa akiwa amelivaa.

"Wee Papa Foni, nani alikutuma kusema namusifu baba yake?"

"Koti inakutosha, mama?"

"Inanitosha. Lakini ulidanganya!"

"Basi uivue, tumurudishie."

Hakulivua. Nilimwuliza baadaye, mimi mwenye diploma, kama huo si uongo. Aliniambia mikro ile ni ya zamani, maneno mengine hayawezi kupita ndani yake.

Simu zilipoenea kila mahali, sisi tulidhani Papa Foni amekwisha. Alifunika sanduku kwa kitambaa cha meza, akanunua simu, na benchi likabaki pale pale. Watoto wa watu walikuwa sasa mbali kuliko foni ilivyoweza kufika: Dubai, Guangzhou, Ubelgiji, Kanada. Wazazi waliendelea kuja kwake kwa sababu yeye alijua kule ni saa ngapi. Hakuangalia saa yoyote. "Guangzhou sasa banakula jioni. Kanada hapana, bado banalala, ngoja kwanza." Alijua kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe mlango upi wa kuingilia na kiatu kipi watakuvulisha, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita Beni, mji wa jirani. Niliporudi kutoka Juba nikamweleza mji ule, alinisahihisha barabara mbili.

Ujumbe wa sauti aliupenda tangu siku ya kwanza, ule unaobonyeza, unasema, unaachia, unaondoka. "Hii njo foni," akasema. Walioko mbali wakaanza kumwagiza vitu visivyouzwa. Dada mmoja aliyeko Ubelgiji aliomba sauti ya mama yake akitwanga sombe, majani ya muhogo. Papa Foni alipanda hadi kwa yule mama, akaweka simu kando ya kinu, akamwamuru asiongee. Mama akatwanga, akasahau, akaanza kuimba na kumsema jirani. Papa Foni aliutuma wote, na umbea ndani.

Kwenye matanga aliibeba simu kwa mikono miwili. Mfiwa akiwa Kanada bila karatasi za kusafiri, Papa Foni alizunguka naye hivyo kiganjani, na kila mtu alitakiwa kumpa pole kama yupo. Siku moja binamu wa mfiwa akainama kwenye simu, akalia vizuri sana, kisha akaongeza: "Yaya, mukubwa yangu, usinisahau ku ile mambo ya visa." Papa Foni alifunika simu kwa kiganja. "Kaburi iko wazi, we kijana. Unataka kuingia ndani yake?"

Simu za picha tu ndizo zilizomshinda. Hata mtu akimpigia kwa picha, yeye aliweka simu sikioni, kama mikro. Ulaya nzima ilijua sikio la kulia la Papa Foni, na nywele zake.

Mimi sikuweza kutulia. Nilikwenda Bunia, nikarudi, Kisangani, nikarudi, Juba nikakaa miezi minane bila kutuma neno. Niliporudi alikuwa mlangoni, na koti lake. Hakunisalimu.

"Mususa Moja ilikuita. Kila dereva wa Juba nilimuuliza. Ulikuwa wapi? À vous."

Aliendelea kunitazama, kidole gumba kikiwa hewani, hadi nikalia.

Kulikuwa na jambo moja sikulielewa tangu nilipoingia nyumba ile. Kwenye foni, mazungumzo hufungwa kwa neno "terminé". Ukilisema, mwenzako anazima, mmekwisha. Papa Foni aliwafundisha watu wote kulisema, kwa sababu bila hilo kituo cha pili kinabaki kinangoja. Lakini mkewe, niliyemwita Mama, akiwa karibu, hakulisema. Alimwachia mteja alitamke mwenyewe. Mimi nilipolisema mezani siku moja kwa mchezo, baada ya kumaliza bugali, Mama aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika akatoka nje.

Ukutani kulikuwa na picha ya binti yao wa pekee, mwenye sare ya shule. Watu waliambiwa anajifunza kushona Kampala. Kila Jumamosi Kampala iliuliza, "Mususa Moja, kuna neno kwa binti?" na Papa Foni, aliyepitisha maneno ya mji mzima, alijibu "Négatif," yaani hakuna. Mama alikuwa akisimama mlangoni na unga mikononi, akisikia, akirudi jikoni.

Ni yeye aliyenieleza, mwaka wa mwisho wa maisha yake, tukichambua maharagi uani. Binti yao alipata mimba akiwa bado shuleni. Shemasi alimtuma Kampala, kwa ndugu, kabla tumbo halijaonekana. Mtoto alizaliwa kule, na habari ikaja kwa foni siku ya soko, benchi likiwa limejaa watu. Sauti ya Kampala ikasema, ikimwita Koko, yaani babu: "Mususa Moja, mutoto ni kijana. Mama yake anaomba Koko wake amupatie jina. À vous."

"Watu bote banamutazama," Mama alisema. "Banangoja. Yeye akabonyeza. Akasema, terminé. Akazima mashini. Akaambia watu ni kosa, ni ujumbe ya mutu mwingine."

"Na mutoto?"

"Siku tatu. Halafu akakufa. Bila jina."

Msomaji asiye wa kwetu inabidi nimweleze. Kwetu Wanande, jina la kwanza la mtoto halichaguliwi. Mama akizaa mvulana wa kwanza, huyo ni Mumbere au Paluku. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo. Aliyekufa naye anahesabiwa. Ukitaja jina la mtoto mbele ya watu wetu, umewaambia mama yake amepita wapi. Hakuna mahali pa kuficha. Yule shemasi alijua kwamba akitamka Mumbere siku ile, benchi zima lingesikia kwamba binti yake asiye na mume amezaa.

Mama alizikwa, na binti akahudhuria matanga ndani ya simu, kiganjani mwa jirani. Baba yake hakuishika. Baadaye tulisikia amefika Kanada, ameolewa na kijana wa familia ya Kipese. Alituma salamu kila Noeli, fupi, kama mtu anayetuma barua ofisini. Papa Foni alijibu hivyo hivyo. Alipinda maneno ya watu wote ili yawe laini, lakini yake mwenyewe yalibaki magumu kama kuni.

Halafu binti akazaa mvulana, akatuma kusema kwamba Jumapili, baada ya ibada, atapiga. Anataka baba yake aseme jina.

Mama mkwe wake aliteremka kutoka Kipese na kuku mwekundu kwapani, pamoja na wakwe wengine. Majirani walijaza benchi. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuimba: Mumbere wangu, Mumbere wangu. Kwake hilo halikuwa swali. Ni mtoto wa kwanza wa bibi-arusi, basi ni Mumbere, na sherehe ilikuwa ya kulisikia tu likitoka kinywani mwa babu.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na foni iliyofunikwa. Katika chumba kile, mbali na mzee, ni mimi peke yangu niliyejua anachotakiwa kuchagua. Akisema Mumbere, binti yake hataaibika, wakwe wataondoka wakiimba, na yule wa siku tatu atakuwa hakuzaliwa kamwe. Na binti angesikia mlango ukifungwa mara ya pili.

Simu ikalia. Kule kwao ilikuwa bado asubuhi. Papa Foni akaiweka sikioni kama kawaida, ingawa ilikuwa ya picha, na sauti ya binti ikatoka kwa nguvu, sote tukaisikia.

"Papa. Mutoto ni kijana. Mama yake anaomba Koko wake amupatie jina. À vous."

Maneno yale yale. Niliona kidole gumba cha mzee kikitafuta kifungo pembeni mwa simu, kifungo ambacho hakipo.

"Kambale," akasema.

Wimbo wa mama mkwe ulikatika.

"Narudia. Kambale. Unanipata? À vous."

"Kambale?" mama mkwe akauliza. "Kambale namna gani? Mumbere eko wapi?"

Papa Foni aliitoa simu sikioni. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiitazama, usoni mwa binti yake. Aliwajibu wakwe bila kuondoa macho pale.

"Mumbere alizaliwa Kampala, wakati binti yangu hajaolewa. Aliishi siku tatu. Baliniomba jina yake hapa, ku hii meza, na mi nikazima mashini. Ni mi. Hapana yeye." Kisha akamwambia aliye kwenye simu, polepole, kama mtu anayesema katika mvua kubwa: "Mumbere eko Kampala. Kambale eko kwenu. Nimechelewa. À vous."

Halafu tulisikia mtoto akilia, na nyuma ya kilio hicho sauti ya mama yake.

"Bien reçu, Papa. Bwana yangu anajua yote, tangu zamani. Nilikuwa nangoja wewe."

Mama mkwe alijifunga kikwembe upya, akachukua kuku wake, akaenda hadi langoni. Tulidhani amekwenda. Alisimama pale akiwa ametugeuzia mgongo, akazungumza na barabara.

"Kama ni babili," akasema, "kuku moja haitoshi."

Akarudi, akampa Papa Foni kuku, akakaa chini.

Jumapili iliyofuata Papa Foni alikaa benchi la nyuma kanisani. Wazee walimngoja mbele, kisha wakaacha. Hakufukuzwa na hakuombwa kurudi, na hakulalamika. Lakini kila Jumapili baada ya hapo, saa nane mchana, Kambale alipiga, kwanza kwa kilio tu, baadaye kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chetu alichofundishwa na babu mwenyewe. "Koko, unanipata?" Na Koko alikuwa amejifunza kuiweka simu mbele ya uso.

Binti akamwita kwake Kanada, lakini karatasi za kusafiri zilichukua miaka. Zilipotoka, sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na njia ya Beni ilikuwa na vizuizi vingi kuliko vijiji. Mashambani watu walikuwa wakiuawa, wengine wakihamia kwetu na magodoro kichwani. Wote walimwambia aende. Alisitasita kwa ajili ya benchi lile, ingawa siku nyingine lilikuwa na mtu mmoja tu.

Nilimsindikiza hadi Beni. Tulilala kwa familia ya kanisa, na asubuhi tukaenda mahali magari yanapopangwa kwa msafara wa Kasindi, mpakani mwa Uganda. Alivaa koti lake la mvua. Jua lilikuwa kali.

"Unafikiri mutoto atanijua?" akaniuliza.

"Atakujua ku sikio, Papa."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia asichokuwa amewaambia wengine. Hakuwa anakwenda Kanada moja kwa moja. Binti yake alikuwa ameshapanda ndege, watakutana Entebbe, halafu watakwenda Kampala kwanza.

"Anajua pahali Mumbere alizikwa. Alienda peke yake mara moja, akafika ku mulango, akashindwa. Sasa tutaenda babili. Nitamuita jina kwa nguvu. Hata watu bakitazama."

Akatoa kitu mfukoni. Ilikuwa mikro ya foni, na waya wake wa kujiviringa umekatwa.

"Hii nilitaka nikuachie. Halafu nikasema hapana. Utaisahau Juba."

Dereva alipiga honi. Papa Foni alipanda, akakaa dirishani, upande wa sikio zima. Nilitaka kumuaga vizuri, kwa namna aliyonifundisha, nifunge kama mwendeshaji mzuri anavyofunga, kituo cha pili kisibaki kinangoja. Gari lilipoanza kusogea nikasema kwa nguvu:

"Terminé, Papa."

Alitikisa kichwa. Akainua ile mikro isiyo na waya hadi mdomoni, akabonyeza. Nilisikia kifungo kikilia.

"Hapana," akasema. "À vous."

Kisha akaachia kidole, akageuza sikio lake kwangu, na gari likaingia kwenye msafara.